Msiba wa mtandaoni: Zoom, Meet, WhatsApp, YouTube au Facebook, mchague ipi?

Msiba ukitokea na nusu ya ukoo iko mbali, swali la kwanza kurushwa kwenye grupu la familia huwa ni "tutumie Zoom au?", na kabla hamjajibu ashatokea mjomba anasema Facebook, binti mmoja anasema YouTube, mwingine anasema si tupigiane tu WhatsApp, siku inaisha hakuna kilichoamuliwa. Shida hapo ni kwamba mnachagua chombo kabla ya kujua kazi. Ulizaneni kwanza hivi: hao walio mbali mnataka waone tu, au mnataka na wao waongee? Likishajibiwa hilo, nusu ya hayo majina yanajifuta yenyewe.

Maana hapa kuna vitu viwili tofauti kabisa ambavyo watu wanavitaja kwa jina moja. Kuna kurusha, yaani kamera iko pale kwenye ibada au makaburini, mambo yanaenda kama yalivyopangwa na walio mbali wanatazama. Alafu kuna kikao, ambapo kila mtu anaingia na sura yake na sauti yake, mnamzungumzia marehemu, mnapeana pole. YouTube na Facebook ni za kurusha. Zoom, Meet (ya Google) na WhatsApp ni za kikao. Unaweza kulazimisha moja ifanye kazi ya nyingine, na watu wanafanya kila siku, ila utaona mbele kwa nini siipendi.

Kurusha au kukaa pamoja

Uzuri wa kurusha ni kwamba haumsumbui mtu. Mfiwa hasemeshwi, halazimiki kuangalia skrini, anamzika mtu wake basi. Mtazamaji naye anaweza kulia huko aliko bila kuonekana, akichelewa anarudisha nyuma, akiwa kazini anaangalia usiku. Wawe watu 30 wawe 3,000 kwako ni mamoja. Ila kuna upande wa pili ambao watu hawausemi: ukikaa masaa mawili unatazama mazishi ya mama yako mdogo kwenye simu na hakuna hata mmoja pale aliyejua kwamba ulikuwepo, ukishazima unabaki na hali ya ajabu, kama vile hukwenda msibani kabisa. Alafu kuna kuchelewa kwa picha, kinachotokea pale kinakufikia wewe sekunde kadhaa baadae, wakati mwingine hata nusu dakika, kwa hiyo msemaji asijaribu "haya ndugu zetu wa mbali, itikieni", ataitikiwa ashahamia jambo lingine.

Kikao kinatibu hiyo hali. Unaonwa, jina lako linasomeka, unasema pole kwa mdomo wako na mfiwa anaisikia. Lakini kikao kina mwisho wa idadi, na mwisho wenyewe hauletwi na apu, unaletwa na watu. Wakishazidi kama 40 hayo si mazungumzo tena, ni mkutano wa hadhara, na pole za watu 80 zikisemwa kwa pamoja zinakuwa kelele tupu. Kikao kinataka mtu wa kukiongoza, mwenye orodha ya nani anaongea saa ngapi na ubavu wa kumwambia mzee "asante baba, tumekusikia" akizidisha.

Sasa msimamo wangu: msivichanganye kwenye linki moja. Mazishi yarushwe, na kumbukumbu iwe kikao, jioni yake au siku nyingine kabisa. Nasema hivi kwa sababu Zoom makaburini ina balaa zake. Kwanza simu iliyoshikwa pale ndo hiyohiyo inatakiwa ifanye kazi ya kuzima maiki za watu, na anayeishika hana mikono mitatu. Pili Zoom kwa kawaida inamkuza kwenye skrini yule anayetoa sauti, kwa hiyo mtu akikohoa huko alipo, wote badala ya kaburi wanaangalia dari la chumba chake. Tatu kama mmeunganisha spika, sauti ya runinga ya mtu itasikika juu ya jeneza. Kipindi cha korona, 2020 na 2021, watu wengi walilazimika kuzika kwa mbali na hata mazishi ya Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth, kule Uingereza tarehe 17 Aprili 2021 waliruhusiwa waombolezaji 30 tu ndani, dunia nzima iliyobaki ilitazama kwenye matangazo. Kutazama kimya si dharau.

Hapa natoa ruhusa moja. Kama kuna mtu mmoja ambaye lazima aage, tuseme mtoto wa marehemu kakosa viza au yuko hospitali, huyo msimwachie linki ya kurusha kama wengine. Mpeni ndugu mmoja simu nyingine kabisa, ampigie video WhatsApp, akae karibu, amsogezee, amwambie kinachoendelea. Hiyo ni simu ya mtu na mtu na wala haihusiani na kamera kubwa.

YouTube na Facebook, za kurusha

Watu wengi wanakimbilia Facebook kwa sababu marafiki tayari wako pale, unabonyeza kitufe, umeanza. Kweli ilikuwa hivo, ila mambo yamebadilika. Saivi Facebook wanataka akaunti iwe na umri wa angalau siku 60, na kama unarusha kupitia ukurasa au profaili ya kikazi wanataka uwe na wafuasi 100. Sasa wewe msiba umetokea jumatano unafungua ukurasa wa "Kumbukumbu ya Baba" alhamisi ili urushe jumamosi, haitakubali. La pili, na hili wengi bado hawajui: tangu tarehe 19 Februari 2025 video za laivu za Facebook zinakaa siku 30 tu alafu zinafutwa, usipoipakua ndo imekwenda. Kwa video ya michezo sawa, kwa mazishi ya mzazi si sawa, maana kuna watu wanakuwa na moyo wa kuiangalia baada ya mwaka.

La tatu ni matapeli. Wanafuatilia matangazo ya misiba, wanatengeneza akaunti yenye picha ya marehemu, wanakuja kwenye komenti na linki ya uongo "tazama mazishi hapa", ukibonyeza unaambiwa uweke namba za kadi ya benki. Wengine wanajifanya wanakusanya rambirambi. Tangazo likiwa wazi kwa dunia nzima huwezi kuwazuia wote, utabaki unafuta komenti badala ya kuomboleza.

YouTube nayo ina masharti yake, tena yanaumiza zaidi kwa mtu wa dakika za mwisho. Chaneli lazima ithibitishwe kwa namba ya simu, na ukiomba laivu kwa mara ya kwanza inaweza kuchukua hadi masaa 24 kufunguliwa. Kurusha kwa apu ya simu wanataka uwe na wafuatiliaji 50. Ukitumia kompyuta yenye kamera, au programu ya kurushia kama OBS, hilo la 50 halikuhusu. Kwa hiyo kazi ya kwanza siku ya kwanza ya msiba, kabla ya kugombania rangi ya fulana, ni mtu mmoja afungue hiyo laivu, hata kama hamjaamua. Isipotumika hakuna hasara. Njia nyingine rahisi ni kumwomba ndugu au rafiki ambaye chaneli yake ishafunguliwa.

Lakini ukishavuka hapo YouTube inaipita Facebook kwa mbali. Mtazamaji hahitaji akaunti, na hilo kwa wazee ni kila kitu, unamtumia linki anabonyeza anaona. Bando likiwa dogo anashusha ubora mpaka 144p, picha inakuwa ya ukungu lakini sauti ipo. Laivu isipozidi masaa 12 inajihifadhi yenyewe na inabaki mpaka utakapoitoa. Na kuna ile hali ya katikati (Unlisted) ambayo mi ndo naipendekeza karibu kila mara, video haionekani kwenye utafutaji wala kwenye chaneli, anaiona mwenye linki tu. Siyo siri kamili, aliyetumiwa anaweza kumtumia mwenzake, ila inatosha kuwaweka mbali wapita njia. Ile hali ya faragha kabisa achana nayo, kila mtazamaji lazima awe na akaunti ya Google na wewe uandike barua pepe zao moja moja, nani ana nguvu hizo wakati wa msiba.

Kuna kiswali kimoja kinawaponza wengi pale YouTube, wanauliza kama video ni ya watoto. Jibu siyo ya watoto. Ukisema ni ya watoto, chati inazimwa na watu hawawezi kuandika rambirambi. Kama familia haitaki chati, izimeni kwa makusudi, ila mi ningeiacha, na mtu mmoja akae nayo, maana kwa yule wa mbali kuandika jina lake pale ndo kusaini kitabu cha waombolezaji.

Wote wawili wana tatizo moja, muziki. Ukipiga wimbo uliorekodiwa na msanii mwenye haki zake, mitambo yao inaunasa. Facebook inaweza kunyamazisha kipande, YouTube inaweza hata kukatisha laivu. Kwaya ikiimba hapohapo kwa midomo yao hatari inapungua sana. Kwa hiyo ule wimbo alioupenda marehemu, kama ni wa CD au wa simu, upigeni kabla ya kuwasha au baada ya kuzima, au mwimbe wenyewe.

Facebook naikubali lini? Marehemu akiwa mtu wa watu, mwalimu wa vizazi kadhaa tuseme au kiongozi, na wanafunzi wake wote wako kwenye grupu moja la Facebook ambalo lipo miaka yote. Rusha ndani ya grupu, lililofungwa. Ila msirushe kutoka akaunti ya marehemu mwenyewe hata kama nywila mnayo. Mtu akituma taarifa Facebook kwamba mwenye akaunti amefariki, inageuzwa kuwa akaunti ya kumbukumbu na kuanzia hapo hakuna anayeweza kuingia, hata yule aliyeteuliwa kuisimamia hawezi kuingia kama mwenyewe wala kusoma meseji. Mnaweza mkafungiwa saa moja kabla ya ibada.

Zoom, Meet na WhatsApp, za kikao

Hapa watu wanabishania bei, mi naona wangebishania dakika. Zoom ya bure inakata baada ya dakika 40 na inachukua watu 100. Google Meet ya bure dakika 60, watu 100 vilevile. WhatsApp haina saa ya kukata, ila mwisho watu 32 kwenye simu moja. Ukiziangalia hizo namba tatu tu unakaribia kupata jibu.

Dakika 40 zinatosha kikao cha ofisi. Kikao cha kumbukumbu hazitoshi. Dakika kumi za mwanzo ni "mnanisikia? mama washa maiki, hapo chini, hapo, siyo hapo", inabaki nusu saa, na ikikata itamkata mtu katikati ya maneno yake ya mwisho kwa dada yake. Kwa hiyo ukichagua Zoom lipia mwezi mmoja alafu sitisha, usisubiri ijilipe tena. Ukilipia unapata pia wasaidizi wa mwenyeji, yaani mtu wa pili na wa tatu wanaoweza kuruhusu watu na kuzima maiki, na hilo mi naliona lina thamani kuliko hata muda, kwa sababu mwenye akaunti mara nyingi ni mfiwa mwenyewe na hatakiwi kuwa anahangaika na vitufe.

Kwenye kuongoza watu Zoom haina mpinzani kati ya hizi tatu. Ina chumba cha kusubiria, unamwona kila anayebisha hodi, unaweza kuzima maiki zote kwa mpigo na kuwanyima kuziwasha, unaweza kumkuza anayeongea ili skrini ya kila mtu imwoneshe yeye tu. Hizi kinga zina historia: mwanzoni mwa 2020 wahuni walikuwa wanaingia kwenye vikao vya watu na kuonesha uchafu, mpaka FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ikatoa onyo tarehe 30 Machi 2020, na siku chache baadae Zoom wakafanya namba ya siri na chumba cha kusubiria viwe vimewashwa vyenyewe. Usivizime eti vinachelewesha watu. Na zima uwezo wa wageni kushea skrini, anayeshea awe mmoja, yule wa picha.

Meet ni nyepesi kuliko Zoom, inafunguka kwenye brauza ya kompyuta bila kupakua chochote, na saa moja ni saa moja. Kwa familia ya watu 25 wanaoelewana, ambao wanataka kuomba pamoja, watu watano waongee, basi, mi ningeenda Meet na nisingelipa senti. Udhaifu wake ni kwamba ya bure hairekodi. Zoom ya bure inarekodi ila kwenye kompyuta tu, kwenye simu hapana. Wengi wanaligundua hili kikao kikiwa kishaanza, wanaishia kurekodi skrini kwa simu nyingine, unaona vidole.

WhatsApp wengi wanaidharau, mi siidharau. Hakuna wa kumfundisha mama kubonyeza, anajua. Mazungumzo yanalindwa kiasi kwamba hata kampuni haiyasikii, na unaweza kutengeneza linki ya simu ukaituma mapema. Kwa duara la ndani, wale 10 au 15 wanaotaka kukaa usiku kucha wakikumbushana vituko vya marehemu, hakuna ratiba, mtu anaondoka anarudi, hii inashinda zote. Ikija kwenye watu wengi ndo inaanguka. Haina zana za kuongoza watu wengi kama Zoom, kelele ya mmoja ni ya wote, na yule wa 33 anabaki nje anajiona hakuthaminiwa. Msifanye hivo kwenye msiba, maneno yake hayaishi.

Na kama kuna mzee bado anauliza Skype, mwambieni taratibu, ilifungwa Mei 2025.

Jambo moja linazihusu zote tatu: kuimba pamoja haiwezekani. Sauti zinachelewa kwa viwango tofauti, watu 20 wakianza wimbo mmoja itakuwa fujo inayotia watu aibu. Aimbe mmoja, wengine maiki zimezimwa, kila mtu aitikie kwake. Na huyo anayeimba kama yuko Zoom awashe ile sehemu ya sauti halisi (Original sound), la sivyo apu inadhani gitaa au mtetemo wa sauti yake ni kelele na kuufuta, unasikia wimbo unapotea na kurudi. Mkionesha video ya picha za marehemu hakikisheni mmeweka tiki ya kushea sauti pia, na kwenye Meet shea ile tabo yenye video, ukishea dirisha zima mara nyingi watu wanaona picha bila sauti.

Laivu au kurekodi kabisa

Hili swali huwa haliulizwi na lingewaokoa wengi. Si kila kitu lazima kiwe laivu. Mtandao wa makaburini ukiwa mbovu, na kwa kawaida makaburi hayako karibu na mnara, laivu itakuwa ya kukatakata, mtu anaona jeneza, anaona duara linazunguka, anaona watu wanaondoka. Hiyo inaumiza kuliko kutoona. Rekodi vizuri, pandisha jioni, waambie watu mapema kwamba video itakuwa hewani saa fulani, na YouTube ina njia ya kuizindua video iliyorekodiwa kwa saa maalum ili watu waitazame pamoja na kuchati kama laivu.

Salamu za walio mbali ndo kabisa, mi napendelea zirekodiwe. Mtu anajirekodi kwa simu dakika mbili, akikosea anarudia, akilia anapumzika anaanza tena, anatuma. Anayekusanya anaziunganisha kwa mpangilio. Kwenye kikao mnazipiga moja baada ya nyingine na katikati mnaacha nafasi ya kuongea. Ukilinganisha na kumwita mtu laivu, "kaka upo? kaka tunakusikiliza... kaka amepotea, tuendelee", hakuna ubishi. Ila wekeni mwisho wa kupokea, siku nzima kabla, na msilegeze, vinginevyo huyo mwunganishaji hatalala. Aombe klipu zitumwe kama faili na siyo kama video ya kawaida ya WhatsApp, maana zikitumwa kawaida zinabanwa na ubora unashuka.

Upungufu wa rekodi ni kwamba haina ule uzito wa "sasa hivi". Kuna watu kwao lazima waone jeneza likishuka saa ileile. Waulizeni wafiwa wa karibu, wawili watatu, siyo grupu zima.

Ndugu ashike kamera au mlipe mtu

Hapa nitakuwa mfupi kidogo. Ndugu ni wa bure na anajua nani ni nani, hatakuwa anamrekodi mpishi wakati mjane anaongea. Fundi wa kulipwa ana maiki, stendi na mtandao wa akiba, na hatalia. Sheria yangu: anayeshika kamera asiwe mfiwa wa karibu. Shemeji, jirani, mtoto wa rafiki, sawa. Mtoto wa marehemu hapana hata kama ndo mtaalamu wa mambo hayo, mwacheni amzike mzazi wake.

Mkilipa, muulizeni vitu vitatu na jibu liwe kwenye maandishi. Sauti ataitoa wapi, kwenye mitambo ya spika au kwa maiki ya kamera (akisema ya kamera tafuteni mwingine). Mtandao ukikata ana laini ya pili ya kampuni nyingine? Na video itakuwa ya nani, atawapa faili zima au ataibakiza kwenye chaneli yake iwe tangazo lake la biashara.

Akiwa ndugu na simu yake: simu ilazwe kwa upana, iwe kwenye stendi, ichomekwe chaji au paua benki, na iwekwe hali ya usisumbue kwa sababu ikipigiwa katikati laivu inaweza kukatika, na siku ya msiba simu zinapigwa kweli. Sauti ipewe kipaumbele kuliko picha. Watu wanavumilia picha mbaya, mahubiri yasiyosikika hawavumilii. Jaribuni siku moja kabla, palepale, saa ileile, kwa laini ileile, na mpime kasi ya kupandisha, hiyo ya kushusha hata ikiwa kubwa haiwasaidii nyie mnaorusha. Kwa upande wa bando, kila megabiti moja kwa sekunde ni karibu MB 450 kwa saa, kwa hiyo ukirusha kwa megabiti 3 masaa matatu unakula karibu GB 4. Nunueni mara mbili ya hapo.

Na kabla ya yote muulizeni kiongozi wa dini na wazee wa familia nini kisirekodiwe. Wengine hawataki uso wa marehemu uoneshwe, wengine hawataki kaburi, wengine watoto. Kamera igeuzwe kwa wakati uliokubaliwa, isiwe kuulizana pale.

Linki na muda

Tuma ujumbe mmoja, wenye linki moja, jina kamili la marehemu, na namba ya mtu mmoja wa kusaidia waliokwama ambaye siyo mfiwa. Saa iandikwe kwa masaa 24 na utaje ni saa za wapi, mfano 14:00 saa za Afrika Mashariki, ambayo ni 11:00 UTC (saa za kimataifa). Ukiandika "saa 8" tu, wa nyumbani ataelewa mchana, aliyezoea saa za kizungu atafungua asubuhi na kukuta kimya, na wa upande mwingine wa dunia hatajua hata aanzie wapi. Wa nchi zinazosogeza saa mara mbili kwa mwaka waangalie tena wenyewe siku hiyo.

Taarifa ya rambirambi ziandikeni humohumo kwenye ujumbe wa familia, namba na jina litakalotokea mtu akituma hela, na mseme wazi kwamba hakuna namba nyingine. Msiziweke kwenye komenti ya laivu, hapo ndo tapeli anabandika ya kwake chini yenu na mgeni hatajua tofauti.

Kama ni mi ndo nachagua

Ukoo mkubwa, watu zaidi ya mia wametawanyika nchi tofauti: YouTube ya wenye linki tu kwa ajili ya mazishi, alafu Zoom ya kulipia kwa kumbukumbu siku tatu nne baadae, watu wakiwa wamelala kidogo. Msilete yote siku moja.

Familia ndogo, watu 20, hela hakuna: rekodi mazishi kwa simu nzuri mpandishe jioni, alafu Meet ya saa moja. Hii ndo inayowafaa wengi, ingawa kila mtu anataka kuanza na Zoom.

Mnaotaka kukaa tu na kukumbushana bila ratiba, na hamfiki 32: WhatsApp, msihangaike na kingine.

Marehemu ana marafiki wa kazini, wa shule na wa dini ambao hawajuani na wafiwa: linki ya YouTube iende kwa wote, linki ya kikao iende kwa familia peke yake, na hao marafiki wafanye kikao chao wenyewe siku wanayotaka, mwanafamilia mmoja aingie dakika kumi awashukuru atoke. Inawapa uhuru wa kusimulia mambo ambayo mbele ya watoto wa marehemu wasingeyasema.

Na kama kuna mgogoro ndani ya familia, ya wake wawili, ya mali, ya nani azike wapi, msiweke maiki wazi mahali popote. Rusheni tu, chati imezimwa, salamu zote zirekodiwe na zipitiwe na mtu mmoja anayeheshimiwa na pande zote kabla ya kuchezwa. Kikao mtakifanya mkishapatana.